Nzi Kando ya Mtungi

Mama yangu hakuwa mtu wa kuvumilia nzi. Alikuwa akiuza vitumbua, na muuza vitumbua anajua kwamba nzi mmoja akitua juu ya sinia anaweza kumfukuzia wateja asubuhi nzima. Kwa hiyo siku niliyoingia nyumbani kwetu Temeke na kreti ya soda iliyojaa chupa, na ndani ya kila chupa wamo nzi hai, alinitazama kama vile nimemletea mwizi nikimwomba amlaze.

"Hao ndio masomo?"

"Ndio, mama."

"Haya. Kusoma kuna mengi."

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikisoma baiolojia. Ilikuwa ile miaka ya mgao wa umeme, ambapo maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa friji na televisheni za kila aina, na umeme wa kuziwashia hakuna. Chumba cha ubaridi tulichofugia nzi kilikuwa kimegeuka tanuri. Mwalimu wetu, mtu mpole kupita kiasi, alitugawia chupa kila mtu zake akatuomba tukatafute pahala penye baridi hadi hali itengemae. Mie nilifikiria mtungi wa mama.

Mtungi ule ulikaa pembeni ya ukumbi, pasipofika jua, juu ya mchanga aliokuwa akiumwagia maji kila siku. Hata mchana wa joto kali ukisogeza shavu karibu na udongo wake ulihisi ubaridi. Nilipanga chupa zangu kwenye meza fupi kando yake, nikazifunika khanga iliyoloweshwa. Mama, pamoja na kununa kwake, hakuweza kuona kazi ikifanywa vibaya akanyamaza. Alikwenda jikoni akarudi na makopo manne, akaweka kila mguu wa meza ndani ya kopo, akatia maji na mafuta ya taa kidogo. Ndivyo alivyokuwa akilinda sukari yake. Alisema sisimizi wa Temeke hawajui kama hao ni nzi wa wasomi.

Walikuwa wale vijinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyozunguka ndizi mbivu. Tuliwalisha uji mzito wa mahindi uliopondewa ndizi na kutiwa hamira, na hamira hiyo nilikuwa nikiichota kwenye kopo la mama bila kuomba. Chupa tuliziba kwa sufi niliyoichomoa kwenye mto wangu. Nyingine nilizifunga uzi mweupe shingoni, hao walikuwa nzi wazima. Nyingine uzi mweusi, hao walikuwa na kasoro, na kasoro yao ndiyo iliyokuwa kazi yangu yote.

Mama hakuwahi kuniuliza ninasoma nini tangu nilipoanza shule. Alijua nasoma, basi. Lakini nzi walipohamia nyumbani mwake akaanza kuuliza, kwanza kwa kejeli, kisha kwa dhati. Nilikuwa nikienda nyumbani kila nilipopata nafasi, nikakaa naye uani akitwanga mchele wake ulioloweshwa kwenye kinu, nikamweleza. Nilimwambia kwamba mwili wa nzi, kama wetu, umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho viitwavyo seli, na kwamba seli hukua, halafu hujigawa zikawa mbili, na hizo mbili nazo hivyo hivyo. Lakini hazijigawi zinapotaka. Kuna kimeng'enya kimoja ndani yake kinachotoa ruksa. Kuna kingine kinachokifunga kisitoe ruksa mapema, na kingine tena kinachokuja kukifungua wakati ukiwadia. Ikiwa kufunga na kufungua kunakwenda sawa, nzi anapata mabawa, macho na miguu, kila kitu kwa kiasi chake.

"Na hawa wa uzi mweusi?"

"Kile cha kutoa ruksa ni dhaifu. Kwenye baridi kinajikongoja, kinafanya kazi. Wakipata joto kinalegea. Seli zinanenepa tu, hazigawanyiki."

Mama aliacha kutwanga. "Kumbe kila seli ina somo wake," akasema.

Nilicheka, lakini sijasikia mhadhara uliolieleza jambo lile vizuri zaidi. Kwetu sisi Wazaramo, msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwari, naye hutoka siku ambayo somo wake, yule mwanamke aliyekabidhiwa kumfunda, atasema atolewe. Hata mama mzazi hana kauli. Mambo yote ya mwili wa mwanamke hupitia kwa somo, tangu siku hiyo hadi anapozikwa. Mama na mwana hawaonyeshani miili, wala hawaulizani. Mama yangu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na bado somo wake alimwita "mwari wangu".

"Na akijitoa mwenyewe?" mama akauliza.

"Nani?"

"Huyo mwari wako wa kwenye seli. Akatoka bila ruksa, akawa anazaa tu, hasikii la mtu."

"Hiyo ndiyo saratani, mama."

Akaendelea kutwanga. Niliona kwamba ameuhamishia mchi mkono wa kushoto, nikadhani wa kulia umechoka.

Somo wake alikuwa anaishi Chanika, kwenye shamba la mihogo, bibi mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa anakuja kwetu mara chache, kwa harusi au msiba. Mwaka ule akaanza kuja mara kwa mara, na kila akija alibeba kapu lenye majani juu yake limefunikwa khanga. Wanaingia chumbani yeye na mama, mlango unafungwa. Siku moja akanikuta peke yangu ukumbini nikibadilisha uji wa nzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sikiliza we mtoto. Mama yako ana uvimbe kwenye titi la kulia. Hajakuambia na hatakuambia. Nami sijakuambia. Umesikia?"

"Tangu lini?"

"Hayo si yako kuuliza."

"Bibi, lazima aende hospitali."

"Mwenyewe hataki. Kitu kama hicho kikiguswa na kisu kinakasirika, kinatapakaa mwili mzima. Tumeshaona wangapi?"

Aliondoka akaniacha nimeshika chupa. Niliogopa. Halafu hofu ikageuka hasira, kwa sababu mie ndivyo nilivyo, nikiogopa nakasirika. Nilimkasirikia bibi kwa kuniambia na kunifunga mdomo papo hapo. Nilimkasirikia mama, aliyeniuliza habari za mwari anayejitoa mwenyewe huku anajua fika anamuuliza nani. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kaka zangu walikuwa mikoani na maisha yao. Mie binti yake ndiye niliyekuwa karibu, na ndiye pekee niliyeijua kazi ya seli, na nilikuwa sina ruhusa ya kujua.

Nilituma ujumbe kwa njia iliyokubalika. Nilimwambia bibi amwambie mama kwamba hospitali ya saratani ipo hapa hapa Dar, watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kutibiwa, sisi tunaogopa nini. Jibu lilirudi kwa mdomo ule ule: bado. Nikatuma tena. Bado. Nilisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi akasema methali hata yeye anazijua, tena ndiye aliyemfundisha mama yangu hizo ninazomtumia.

Basi nikarudi kwa nzi. Hapo palikuwa pahala pekee tulipoweza kusema. Mama aliuliza habari za nzi, nami nikajibu za nzi, na wote wawili tulijua tunazungumza nini.

"Hao wasiosikia, wakiachwa muda mrefu inakuwaje?"

"Wanahama, mama. Wanakwenda kuota pahala pengine. Ndiyo maana inatakiwa waondolewe mapema."

"Na kusimamishwa wenyewe hawawezi?"

"Wanatafuta dawa duniani kote. Kuna kiasi wanaweza."

"Lakini wako unawasimamisha. Kwa joto."

"Wangu wa uzi mweusi, ndio," nikajibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mitihani ilinizuia chuoni kwa muda. Niliporudi nilimkuta mama amekaa uani saa nane ya mchana, juani, amejifunika khanga mbili, jasho linamtoka. Sufuria kubwa ilikuwa inachemka juu ya mafiga na harufu ya majani imejaa hadi barabarani. Nilimwamkia, nikaenda mtungini kumchotea maji. Akakataa. Alisema siku hizi hanywi maji ya baridi.

"Tangu lini?"

"Baridi inawazalisha," akasema, akageuza uso.

Alipojaribu kusimama khanga ilimteleza begani, akaidaka haraka, lakini nilishaona. Ngozi ya juu ya kifua ilikuwa imeiva, nyekundu, imechunika kama ya mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto. Bibi akatokea jikoni na kitambaa mkononi, kinatoa mvuke. Kwetu mzazi akijifungua anakandwa kwa maji ya moto, kila mwanamke anajua kukanda, na bibi alikuwa bingwa wao. Walikuwa wakilikanda titi lile asubuhi na jioni, kwa maji ambayo mie nisingeweza kutia kidole.

"Bibi, mnafanya nini?"

"Tunafanya ulivyosema. Si wewe uliyesema joto linawasimamisha?"

Sijawahi kupaza sauti mbele ya mkubwa kama nilivyopaza siku ile. Nilisema maneno ambayo majirani walikuja kuyasikiliza ukutani. Nilimwambia bibi kwamba anamchoma mama yangu mzima mzima, kwamba sikusema hivyo, kwamba nilisema nzi, nzi, nzi wa uzi mweusi! Bibi alishangaa kweli, hakuwa na ujanja wowote. Alinitazama, akamtazama mama, akasema, "Mwari wangu, huyu mtoto si ndiye aliyekwambia?"  Mama alikuwa ameuma ncha ya khanga, na machozi yanamtoka bila sauti, sijui ya maumivu au ya aibu ya kugombewa na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Nililia usiku ule, halafu asubuhi nikaacha kulia. Nilijua nikimwambia mama tu kwamba amekosea hataniamini, maana neno lenyewe lilitoka kwangu na lilikuwa la kweli. Nilichukua chupa mbili zenye mayai mapya, moja ya uzi mweupe na moja ya uzi mweusi, nikazitoa pale kando ya mtungi mbele yake. Nikaziweka jikoni kwenye rafu iliyo karibu na mafiga, pale alipokuwa akiumuisha unga wa vitumbua. Si kwa moto wa kuua, ni joto la jikoni tu.

"Tuwatazame wote wawili," nikamwambia. "Mpaka watoke, usikande."

Alikubali. Nadhani alichoka kuungua.

Tukawatazama. Kila alfajiri kabla ya kuwasha moto alizichukua zile chupa akaziinua kwenye mwanga wa koroboi. Mabuu walitokea katika zote mbili, wakachimba uji, wakanenepa. Mama akaanza kufurahi, kwa sababu wa uzi mweusi walikuwa wanene sawa na wenzao, na kwake hiyo ilikuwa na maana kwamba ugonjwa si kitu. Nilimweleza kwamba buu hukua kwa seli zake kutanuka, hazihitaji sana kugawanyika. Kinachohitaji kugawanyika ni vile vipande vidogo vilivyofichika ndani yake, vya bawa na jicho na mguu. Kwa hiyo buu wa uzi mweusi anaonekana mzima kabisa. Anakula, anatembea, anapanda ukuta wa chupa kama wenzake, anajifunga kwenye kifuko chake cha kahawia tayari kuwa nzi, na ndani hana kitu cha kumfanya nzi.

"Maskini," mama akasema. "Naye hajui."

Asubuhi moja chupa ya uzi mweupe ilijaa nzi. Walikuwa wametoka wengi, wanagongana, wanakausha mabawa, na joto lote lile la jikoni halikuwafanya kitu. Lilikuwa limewaharakisha. Chupa ya uzi mweusi ilikuwa kimya. Vifuko vimebandika ukutani, vimeanza kuwa vyeusi. Nilimpasulia kimoja kwa sindano juu ya kiganja changu, akaona uji uji tu.

Mama aliishika chupa moja mkono huu na moja mkono huu. Alikaa hivyo hadi mafuta yakaanza kutoa moshi kwenye kikaango na vitumbua vya siku ile vikachelewa.

"Joto limewazuia hawa kwa sababu wao ndio wenye kasoro hiyo," akasema taratibu.

"Ndio, mama."

"Wale kimeng'enya chao kikiwa na nguvu, joto si kitu kwao. Linawapendeza."

"Ndio."

"Basi mie ni wa chupa ipi?"

 Aliziweka chini zile chupa, akafuta mikono, akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Na watoto wao? Wale wenye kasoro, wakizaa, watoto wanarithi?"

Nilielewa. Muda wote ule nilidhani anaogopa kisu. Alikuwa anaogopa jibu la swali hili, kwamba akienda akaandikwa jina la ugonjwa, jina langu nalo litakuwa limeandikwa chini yake.

"Nzi wanarithi," nikasema. "Watu, wengine wanarithi, wengi hawarithi. Hakuna anayejua nani."

"Wewe hujui."

"Mie sijui, mama."

Alisimama, akafunga mlango wa jikoni. Akasema, "Mficha uchi hazai," na akacheka kidogo, kicheko kibaya. Kisha akafungua khanga. Sikuwahi kuona kifua cha mama yangu tangu nilipoacha kunyonya, na sikujua macho niyaweke wapi. Alinikamata mkono, si kwa upole, akaubandika mwenyewe juu ya ile ngozi iliyochunika, akaubonyeza.

"Shika. Usiogope, shika vizuri. Umelipata hilo donge?"

Nilikuwa nimelipata. Lilikuwa gumu kama njugumawe mbichi, na halikusogea kidole kilipolisukuma.

"Hilo ndilo. Likija lako litaanza dogo kuliko hili, na haliumi. Hapo ndipo linapomdanganya mtu, haliumi. Usimwambie somo. Usiwaulize nzi. Unaondoka siku ile ile unakwenda. Umesikia mwanangu?"

"Nimesikia."

"Haya. Nipeleke."

Tulikwenda siku ile ile, yeye na mie, na bibi nyuma yetu na kapu lake tupu.  Daktari alimpima, akaiangalia ile ngozi iliyoungua, akauliza nani amefanya hivi, na mama akawahi kujibu kwamba alimwagikiwa na mafuta ya vitumbua. Walilikata titi lile. Alikaa nasi vuli nzima na masika, akarudi kwenye sinia lake, akaanza hata kunywa maji ya mtungini, halafu donge lingine likaibuka kwapani. Umeme ulisharudi chuoni na nzi walisharudi kwenye chumba chao. Khanga ile ya kuwafunikia ndiyo aliyokuwa amejifunika siku alipofariki.

Bibi ndiye aliyemwosha, kama inavyompasa somo. Mie nilikaa nje ya mlango.

Sasa nimeupita umri wa mama. Nimefundisha watoto wengi habari za seli na vimeng'enya vyake, na kila nikifika kwenye nzi nawaeleza haraka haraka, nabadilisha somo. Lakini kila nikioga mkono wangu unakwenda wenyewe, unabonyeza pale pale, kwa nguvu ile ile aliyonibonyezea. Vidole vinajua vinachokitafuta. Binti yangu alipovunja ungo, shangazi zake walileta somo, mwanamke mwema, nami nikampokea kwa heshima zote. Kabla hajaanza kazi yake nilimwomba anisubiri ukumbini, nikamwita mwanangu chumbani, nikafunga mlango. Sikuwa na uvimbe wa kumwonyesha. Nilikwenda jikoni nikachukua njugumawe moja mbichi, nikamtia kiganjani, nikamkunja vidole juu yake.